Kampeni za kula bila kuielemea dunia: alama zangu kutoka dirisha la kupakulia

Anayetoa alama hapa ni mpishi wa kantini ya wafanyakazi. Si mtaalamu wa lishe, si mwanaharakati. Kazi yangu ni kuhakikisha foleni ya mchana inasogea, sahani zinarudi tupu na matumizi ya mwezi hayavuki mstari aliouchora mhasibu. Kampeni zinazotaka watu wale kwa namna isiyoielemea dunia hunifikia kwa njia ile ile kila mara: meneja anarudi kutoka mkutanoni na kipeperushi mkononi, anakiweka juu ya meza ninayokatia vitunguu, anasema, "Mkuu, na hii tuijaribu." Basi nimezijaribu. Baadhi zimekaa mpaka leo, nyingine zilibanduliwa ukutani pamoja na mabango yake.

Nazipima kwa swali moja: imebadilisha nini pale dirishani? Mtu aliyesimama mbele yangu ana njaa, mapumziko yake ni mafupi na simu inamlia mfukoni. Hana nafasi ya kuhubiriwa. Kampeni inayomfanya apokee sahani tofauti na aile mpaka mwisho nitaipa nyota. Inayoniachia mimi kazi ya kubishana naye, hapana.

Kwamba jambo lenyewe lina uzito, sina ubishi. Mwaka 2018 Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha katika jarida la Science hesabu zilizokusanywa kutoka mashamba takriban 38,700 katika nchi 119, wakakuta kwamba chakula kinachangia karibu asilimia 26 ya gesi zinazoongeza joto la dunia. Wanaohesabu kwa upana zaidi hufika kwenye theluthi moja. Lakini namba iliyonikaa mimi ni ile ya ndani ya sufuria: gramu 100 za protini kutoka kwa ng'ombe anayefugwa kwa ajili ya nyama hubeba, kwa wastani, takriban kilo 50 za gesi hizo, na protini kiasi kile kile ikitoka kwenye njegere haifikishi hata nusu kilo. Mpishi akishaiona tofauti ya namna hiyo hawezi tena kuitazama sufuria ya mchana kwa jicho la zamani.

Naanza na Meatless Monday, kampeni ya Jumatatu bila nyama, maana ndiyo iliyodumu jikoni kwangu kuliko zote. Iliasisiwa Marekani mwaka 2003 na Sid Lerner, mtu aliyetokea kwenye kazi ya matangazo ya biashara, akishirikiana na shule ya afya ya jamii ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Wazo aliliokota kutoka Vita Kuu ya Kwanza, wakati mamlaka ya chakula ya Marekani chini ya Herbert Hoover ilipowaomba raia watenge siku bila nyama na siku bila ngano, ili vyakula hivyo viwafikie askari na washirika wao wa Ulaya. Lerner hakuanza na mazingira, alianza na mafuta ya wanyama na maradhi ya moyo. Siku moja kati ya saba ni karibu asilimia 15, na hicho ndicho kiasi cha mafuta hayo ambacho wataalamu wa afya walitaka Wamarekani wapunguze. Habari za hewa na misitu zilidandia baadaye.

Mkono wa mtu wa matangazo unaonekana katika kila kipande chake. Kampeni haikwambii uache nyama, inakwambia uisubiri mpaka kesho. Imechukua siku ambayo watu wengi hujiwekea nadhiri mpya na kuiwekea nadhiri ndogo mno kiasi kwamba ni aibu kuikataa. Tena kuna faida moja ambayo sijaiona kwenye kipeperushi chochote: kwa kantini inayofungwa mwisho wa wiki, Jumatatu ndiyo siku yenye usumbufu kuliko zote kwa nyama. Ili ipikwe asubuhi hiyo, ama ilale kwenye friji tangu Ijumaa, ama mtu aje Jumapili kuitoa kwenye friza ianze kuyeyuka. Dengu hazina makuu hayo. Unaingia alfajiri, unachambua, unaosha, unainjika. Hata vijana wangu wa jikoni, ambao kwa nyama ni mafisi, waliipenda Jumatatu hiyo kabla ya mtu yeyote kwenye foleni.

Ubaya wake huanza pale wakubwa wanapoigeuza amri. Siku bango lilipotundikwa, jamaa mmoja wa ghalani, mtu wa utani, aliinama dirishani akaniuliza, "Mkuu, kampuni imefilisika?" Foleni nzima ikaangua kicheko, ila swali lilikuwa la kweli. Watu wa kantini wakiona nyama imeondoka hawafikirii dunia. Wanafikiri kuna mtu ghorofa ya juu ameamua kubana matumizi kwa kutumia matumbo yao. Na si kwetu tu. Mwaka 2013 chama cha Kijani cha Ujerumani kilipendekeza siku moja ya wiki bila nyama katika kantini za umma, gazeti la Bild likapiga kelele kwamba Kijani wanataka kutukataza nyama, na katika uchaguzi wa mwaka huo chama kikashuka kutoka asilimia 10.7 hadi 8.4. Sababu zilikuwa nyingi, lakini siku ile ya mboga ilibaki kuwa kichekesho cha kampeni nzima. Helsinki nako, shule zilipoweka siku ya lazima ya mboga, watafiti waliona kwamba mwanzoni waliokuja kula walipungua, waliokuja walipakua kidogo, na makombo kwenye sahani yakaongezeka. Hapo kwenye makombo ndipo mimi huchoka kabisa. Dengu iliyotupwa pipani haijamwokolea mtu chochote.

Wapishi tuna njia nyingine, na bahati nzuri imeshapimwa. Katika kantini za vyuo vitatu vya Chuo Kikuu cha Cambridge, Emma Garnett na wenzake walifuatilia mauzo ya sahani zaidi ya 94,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Pale ambapo chakula kisicho na nyama kilikuwa aina moja kati ya nne kikawa mbili kati ya nne, mauzo yake yalipanda kwa asilimia 41 hadi 79. Mauzo ya jumla hayakutikisika. Na waliobadilika zaidi ni wale wale ambao zamani hawakuwa wakigusa sahani za mboga. Hakukuwa na siku maalumu, wala hotuba.

Hivyo ndivyo Jumatatu yangu inavyokwenda sasa: aina mbili bila nyama, aina moja yenye nyama, na hiyo ya nyama inakaa mwisho wa mstari, mtu akifika pale trei imeshajaa. Bango nililishusha. Ubaoni siandiki "chakula cha mboga" wala "mlo wa afya". Naandika "dengu nzito za vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyekundu", na zinaisha. Hilo nalo si uchawi wangu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipika mboga zile zile kwa namna ile ile, wakabadilisha majina tu. Zilipopewa majina ya kutamanisha, waliozichukua waliongezeka kwa asilimia 25 kuliko zilipoitwa kwa jina la kawaida, na kwa asilimia 41 kuliko zilipopewa jina la kujinyima kwa ajili ya afya. Watu wanakuja kula, hawaji kutibiwa.

Meatless Monday: nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu inasema nini kiondoke, na inasema kidogo mno kuhusu kitakachokaa mahali pake. Nimeona jikoni nyingine wakitoa nyama wakaweka jibini kwa wingi, wakajipigia makofi. Jibini katika hesabu za Poore na Nemecek imekaa juu ya kuku na nguruwe kwa kila gramu ya protini. Jumatatu ya jibini tupu siihesabu.

Kipeperushi kilichofuata hakikuwa kipeperushi, kilikuwa ripoti. Tume ya EAT-Lancet, iliyoundwa na shirika la EAT pamoja na jarida la kitabibu la Lancet, wanasayansi 37 kutoka nchi 16 wakiongozwa na Walter Willett na Johan Rockström, ilitoa mwaka 2019 mlo mmoja wa kuwalisha watu bilioni 10 ifikapo 2050 bila kuzidi kile ambacho dunia inaweza kubeba. Mwaka 2025 wakaupitia upya. Mimi nilishughulika na jedwali la 2019, kwa sababu ndilo lililobandikwa kwenye mlango wa friji yangu, na kusema kweli nalipenda. Hakuna porojo. Ni gramu kwa siku kwa mtu anayehitaji kalori 2,500: nafaka zisizokobolewa 232, mboga 300, matunda 200, maziwa na vitokanavyo 250, jamii ya maharage 75, karanga na jamii yake 50, kuku 29, samaki 28, mayai 13. Nyama nyekundu 14.

Gramu 14 za nyama nyekundu! Nilizipima kwenye mizani ya viungo. Kipande kimoja kidogo, mtu akipiga chafya kinaruka. Ukimwekea mfanyakazi sahani yenye kipande hicho atadhani kimedondokea humo kutoka sahani ya jirani. Mapishi ya kila siku hayawezi kufuata jedwali hilo kwa sura yake, na hapo ndipo wengi wanaolisoma wanapokata tamaa.

Ila lizidishe kwa saba. Gramu 14 kwa siku ni 98 kwa wiki, yaani mlo mmoja wa nyama wenye heshima yake. Kuku wanakuwa gramu 203, ni mara mbili. Samaki 196, mara mbili nyingine. Mayai 91, hapo ni yai moja na nusu hivi, na hapo ndipo wapenda mayai wa kwetu wanaponuna. Baada ya zidisho hilo jedwali likageuka ratiba ya wiki: siku moja nyama nyekundu, siku mbili kuku, siku mbili samaki, zilizobaki ni za maharage. Mpishi yeyote anaweza kuisoma ratiba hiyo bila shahada. Sijui kwa nini hawakuitoa hivyo tangu mwanzo, maana wenyewe waliruhusu nyama nyekundu icheze kati ya sifuri na gramu 28.

Gumu zaidi ni upande wa maharage. Gramu 75 kavu kwa mtu kwa siku ni nyingi. Kwa watu 200 ni kilo 15 kavu, na zikishaiva zinakuwa zaidi ya maradufu. Hapo unahitaji sufuria nyingine, gesi nyingine, na mtu wa kuchambua mawe. Pia unahitaji kuwazoesha watu taratibu, maana tumbo lisilozoea maharage litalalamika alasiri nzima ofisini, na lawama zitarudi jikoni. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, pika mpaka yalegee kabisa. Ripoti ya kurasa nyingi vile ingeweza kutenga aya moja kwa ajili ya gesi ya tumboni.

Na kuna suala la mfuko. Mwaka 2020, Kalle Hirvonen na wenzake walikokotoa bei za vyakula duniani wakaona kwamba, hata ukichagua vyakula vya bei ya chini kabisa, mlo huo unazidi kipato chote cha siku cha watu wasiopungua bilioni 1.58. Matunda, mboga na vyakula vya wanyama ndivyo vinavyopandisha bei. Tume yenyewe ilikiri kwamba kwa watu wenye utapiamlo, hasa watoto, nyama, maziwa na mayai huenda vikahitaji kuongezeka badala ya kupungua. Neno hilo husikika mara chache sana ripoti inapotangazwa kwenye kumbi za mikutano, na mwenye kuichukua kama sheria ya kuwapigia wengine faini ya nyama yao chache ameisoma nusu.

EAT-Lancet: kama mizani ya kupimia menyu, nyota tano. Kama kitu cha kumwekea mtu mezani, mbili.

Sasa pipa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kampeni za kupunguza chakula kinachotupwa ndizo zisizo na mvuto kabisa na ndizo zilizobadilisha jikoni yangu kuliko nyingine zote. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa na kaya, migahawa na maduka, sawa na asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Kaya peke yake zilikuwa asilimia 60 ya hicho. Halafu mtu anakuja kunieleza habari za mrija wa karatasi.

Ya mfano kwangu ni Love Food Hate Waste, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2007 na shirika la WRAP. Haina maneno makubwa: pima wali kabla ya kupika, jua tarehe za kwenye pakiti zinamaanisha nini, gandisha mkate. Ndani ya miaka mitano ya mwanzo, WRAP ilihesabu kwamba chakula kilichofaa kuliwa lakini kikatupwa majumbani nchini humo kilipungua kwa asilimia 21. Bei za vyakula nazo zilipanda sana kipindi hicho, kwa hiyo sifa zote si za kampeni, lakini bado ni matokeo ambayo kampeni nyingi za mlo zingeyaota tu.

Kwa kantini somo ni moja: pima kabla hujatupa. Tuliweka ndoo tatu zenye rangi tofauti. Moja ya maganda na vilivyooza stoo, moja ya kilichobaki kwenye sufuria, moja ya makombo ya sahani. Kila jioni zinapanda kwenye mizani, namba inaandikwa ukutani kwa chaki. Wapishi wote niliozungumza nao wanaamini hasara yao iko kwenye maganda. Ndoo zitakwambia kingine. Kwetu nzito kuliko zote ilikuwa ya sahani, na ndani yake ulikuwa wali, wali, wali. Nyama haimo, nyama hawaachi. Upawa wetu ulikuwa mkubwa kuliko tumbo la mtu anayekaa kwenye kiti kutwa nzima.

Tukabadilisha upawa. Na ili isije ikasemwa tena kwamba kampuni imefilisika, tukaandika kwa herufi kubwa: UKITAKA KUONGEZWA, RUDI. Hilo la pili ndilo lenye nguvu. Mtu hupakua mlima kwa hofu kwamba hatapata tena, ukimwondolea hofu, mlima unashuka wenyewe. Watafiti wa Norway, Steffen Kallbekken na Håkon Sælen, walijaribu kitu karibu na hicho kwenye mahoteli mwaka 2013. Sahani ndogo zilipunguza chakula kilichotupwa kwa takriban asilimia 20, na kibao cha kuwakaribisha wageni warudi kupakua mara nyingi watakavyo kilipunguza kiasi kama hicho hicho. Wageni hawakulalamika. Kwetu wanaorudi kuongezwa ni wachache, na yule jamaa wa ghalani ni mmojawapo kila siku iendayo kwa Mungu.

Kuna faida ya pembeni ambayo mhasibu aliiona kabla yangu. Kilichookolewa kwenye wali ndicho kilichonunua karanga za lile jedwali la mlango wa friji. Kampeni za namna hii hushindana kwa mabango, wakati jikoni zinalishana.

Nyota tano. Zingekuwa sita kama ndoo zingejiosha.

Katika ukoo huo huo wa pipa wamo Too Good To Go, programu ya simu iliyoanzia Denmark mwaka 2015. Mgahawa au duka lenye chakula kilichobaki mwisho wa siku hukiweka kwenye mfuko, mteja hulipa sehemu ndogo ya bei na kwenda kuuchukua bila kujua kilichomo. Wazo lilitokana na meza za bufee, ambazo kila mpishi anajua zinavyoonekana zikifungwa: sinia zimejaa nusu, na sheria za usafi haziruhusu kuzirudisha kesho. Kwa mnunuzi ni mchezo mzuri. Kwa jikoni ninaona hatari moja. Ukishajua kwamba mabaki yana soko, mkono unaopima mchele unalegea. Ni dawa ya jioni, ugonjwa uko asubuhi. Nyota tatu na nusu.

Slow Food ni hadithi nyingine. Ilizaliwa Italia, kwenye hasira za mwaka 1986 dhidi ya mgahawa wa McDonald's karibu na Ngazi za Hispania jijini Rome, na tamko lake likatiwa saini Paris mwaka 1989. Mwasisi wake ni Carlo Petrini, nembo yake ni konokono, na tangu mwaka 2022 rais wake ni Edward Mukiibi, mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda. Kauli yao ni chakula kizuri, safi na cha haki. Wana orodha waliyoiita Safina ya Ladha, yenye maelfu ya mbegu, mifugo na vyakula vilivyo hatarini kupotea, na hoja yao naiona ya akili: mbegu hailindwi kwa kuwekwa kwenye sanduku, inalindwa kwa kuliwa. Watu wakiacha kuitaka, mkulima ataacha kuipanda.

Kwangu mimi hawa ndio waliotoa kitu ambacho wengine wamesahau, raha. Kampeni zote nilizotaja hapo juu zinaongea na dhamiri au na kalkuleta. Hawa wanaongea na ulimi. Niliponunua maharage ya aina tatu tofauti badala ya ile moja ya gunia la kila siku, foleni ilianza kuuliza, "Leo ni yapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo kuhusu gramu.

Ila kantini si karamu. Mkulima mdogo hana kilo 15 kila Jumatatu, anazo leo, wiki ijayo hana, na mwenye jukumu la kulisha watu mia mbili hawezi kuwaambia wasubiri mavuno. Pia si kila kilicho cha kale na kitamu ni chepesi kwa dunia. Ndani ya Safina mna mifugo na majibini mengi tu. Nyota tatu kwa matumizi, tano kwa moyo.

Kuhusu wale wa kula vya karibu tu, kundi lililopata umaarufu kutoka San Francisco mwaka 2005 kwa changamoto ya kula vilivyozalishwa ndani ya maili 100, nitasema kwa ufupi. Kama unataka nyanya zenye ladha na unataka kumjua aliyezilima, nenda nao. Kama unataka kupunguza gesi, shida haiko kwenye lori. Christopher Weber na Scott Matthews wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipiga hesabu ya kaya za Marekani mwaka 2008. Usafirishaji wote ulikuwa karibu asilimia 11 ya gesi za chakula, na safari ya mwisho kutoka kwa mzalishaji hadi dukani asilimia 4. Kuhamisha mlo wa chini ya siku moja kwa wiki kutoka nyama nyekundu na maziwa kwenda kwa kuku, samaki, mayai au mboga kulipunguza zaidi kuliko kununua kila kitu cha karibu. Kinachosafiri kwa ndege ndicho cha kukwepa, nacho ni sehemu ndogo sana ya chakula kinachosafirishwa. Nyota mbili.

Lebo za samaki waliovuliwa bila kumaliza bahari, kama ile ya buluu ya MSC, baraza lililoanzishwa mwaka 1997 na shirika la uhifadhi la WWF pamoja na kampuni ya Unilever, zinafaa pale tu muuzaji anapojua samaki wake ametoka maji gani na kwa nyavu gani. Nikiuliza, mara nyingi najibiwa, "Wa leo asubuhi." Sitoi nyota kwa kitu ambacho sijaweza kukitumia vizuri.

Ya mwisho ni Veganuary, iliyoanza Uingereza Januari 2014. Unajiandikisha bure, unaahidi kuishi mwezi huo bila nyama, samaki, mayai wala maziwa, na kila siku unapokea barua pepe yenye mapishi na ushauri. Kama huduma, imepangwa vizuri kuliko zote nilizozitaja: ina mwanzo, ina mwisho, haikuachi peke yako siku ya tatu unapoyatamani mayai. Mwaka wa kwanza walijiandikisha watu elfu tatu na ushei, miaka michache baadaye wakawa mamia ya maelfu. Mabinti wawili wa idara ya fedha waliifuata mwaka jana, wakaniomba niwawekee sahani yao pembeni. Sikuwawekea pembeni. Niliwapikia sufuria nzima, nikaipanga ya kwanza kwenye mstari bila kusema ni ya nani, na walipofika wao ilikuwa imekaribia kwisha. Mmoja alininunia.

Nyota tatu na nusu, kwa sababu inamtaka mtu aamue kwanza ndipo ale, na wengi dirishani kwangu hula kwanza.

Na hapa nina ombi kwa waandishi wa kampeni hizi zote, kama mmoja wao atapita hapa. Mapishi yenu mengi ni ya watu wawili au wanne. Chumvi haizidishwi mara hamsini, pilipili ndiyo kabisa usijaribu, na maji ya sufuria kubwa hayakauki kwa kasi ya kikaango, kwa hiyo mchuzi wenu ukikuzwa unakuwa supu. Vitunguu kilo nane haviwi vyekundu kwa dakika kumi, vinajichemsha kwenye maji yake, lazima vikaangwe kwa mafungu. Niandikieni pishi moja la dengu la watu mia mbili, lililojaribiwa kwenye jiko la kweli na mtu mwenye aproni chafu, nami nitarudi kuzipitia alama hizi upya.